Jina Jema na Mlango wa Nyuma: Nafsi Iliyofichwa katika Riwaya ya Jekyll na Hyde

Utangulizi

Swali kuhusu mhusika mwenye nyuso mbili ni la kawaida katika mtihani wa fasihi. Mhusika huyo huheshimiwa barazani na huogopwa nyumbani. Hutajwa kwa sifa mikutanoni, na nyuma ya pazia ana yake. Watahiniwa wengi hulijibu swali hili kwa neno moja, "mnafiki", kisha hulirudia neno hilo kwa mifano mitatu. Jibu hilo si kosa, lakini halifiki mbali. Halielezi kwa nini watu walimwamini, ni nani aliyejua akanyamaza, na imani hiyo ilimsaidia vipi kutenda maovu. Alama za juu zimo katika maswali hayo matatu.

Somo hili linayatafutia majibu kupitia riwaya fupi ya kutisha ya Uingereza, Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde, iliyoandikwa na Robert Louis Stevenson na kutolewa Januari 1886. Tumeichagua kwa sababu visa vingi vya mtu mwenye nafsi mbili vilivyoandikwa baadaye vimeazima kitu kutoka kwake. Tutailinganisha na ngano za mazimwi na kiapo cha kithitu cha Ukambani, na kwa kifupi na riwaya ya Kidagaa Kimemwozea. Mbinu utakayojifunza hapa itakufaa kwa kitabu teule chochote kilicho mbele yako.

Kufikia mwisho wa somo uweze:

1. Kueleza uhusiano wa Jekyll na Hyde bila kusema tu kwamba mmoja ni mwema na mwingine ni mwovu.
2. Kuonyesha jinsi imani ya watu inavyotumiwa kama chombo cha kuficha uovu.
3. Kutambua wajibu wa wahusika wanaojua na kunyamaza.
4. Kujibu swali la insha la alama 20 kwa hoja zenye ushahidi.

Mwandishi na enzi yake

Stevenson alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1850, akafariki kisiwani Samoa mwaka 1894. Wasomaji wa Kiswahili wa enzi za ukoloni walimfahamu kupitia Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya yake Treasure Island. Aliishi enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Katika miji mikubwa ya wakati huo, daktari, wakili au mwenye benki aliishi kwa jina lake. Jina likichafuka, wateja hukimbia. Kwa hiyo watu wa tabaka hilo walijifunza kulilinda jina kuliko walivyoilinda nafsi.

Mji aliokulia Stevenson ulikuwa na kisa cha kweli cha namna hii. William Brodie alikuwa fundi wa makabati mwenye heshima, kiongozi wa chama cha mafundi na diwani wa Edinburgh. Mchana alitengeneza makabati na kufuli katika nyumba za matajiri. Usiku alirudi katika nyumba hizo hizo kuiba, kwa funguo alizozinakili. Alinyongwa mwaka 1788. Katika chumba alicholala Stevenson utotoni mlikuwa na kabati lililotengenezwa na Brodie, na baadaye Stevenson alishirikiana na W. E. Henley kuandika tamthilia kumhusu. Zingatia jambo moja: Brodie hakuhitaji kuvunja milango. Wenye nyumba walimfungulia wenyewe, kwa kuwa walimwamini. Wazo hilo ndilo ufunguo wa riwaya tunayoisoma.

Muhtasari wa kisa

Utterson ni wakili wa London, mtu mkimya anayetunza siri za wateja wake. Jumapili moja anatembea na jamaa yake Enfield. Wanapita mbele ya mlango mchakavu, usio na kengele wala kigonga. Enfield anasimulia alichokiona hapo. Yapata saa tisa usiku, mtu mfupi aitwaye Hyde aligongana na msichana wa miaka minane hivi au kumi, aliyekuwa ametumwa kumwita daktari. Hyde alimkanyaga, akaendelea na safari yake. Watu walimkamata, wakatishia kulichafua jina lake London nzima, kisha wakakubali alipe pauni 100. Hyde aliingia kwa mlango ule, akatoka na pauni 10 za dhahabu na hundi ya pesa zilizosalia. Hundi hiyo ilikuwa na sahihi ya mtu mashuhuri, na benki iliikubali.

Mwenye sahihi ni Dkt. Henry Jekyll, rafiki na mteja wa Utterson. Daktari huyo ameandika wosia wa kumwachia Hyde mali yote. Karibu mwaka mmoja baadaye Hyde anamuua kwa fimbo mbunge, Sir Danvers Carew, kisha anatoweka. Jekyll anaishi kwa utulivu miezi miwili, akitenda mema, halafu anajifungia tena. Rafiki yake wa zamani, Dkt. Lanyon, anapata mshtuko usioelezeka na kufariki. Hatimaye mtumishi Poole anamwita Utterson. Wanauvunja mlango wa chumba kwa shoka na kumkuta Hyde amejiua kwa sumu, amevaa nguo zinazomzidi mwili. Barua mbili, moja ya Lanyon na nyingine ya Jekyll, zinafichua siri: Jekyll na Hyde ni mtu mmoja. Daktari alitengeneza dawa iliyombadilisha umbo.

Hoja kuu: Jekyll si "upande wa wema"

Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza. Huandika kwamba mwandishi amemgawa binadamu sehemu mbili, Jekyll akiwa wema na Hyde akiwa uovu. Sura ya kumi, ambayo ni ungamo la Jekyll mwenyewe, inakataa maelezo hayo. Hyde ni uovu mtupu, naam. Lakini Jekyll anabaki vile alivyokuwa siku zote, yaani mchanganyiko wa mema na mabaya. Dawa haikumtoa malaika. Ilimtoa mmoja tu, na mmoja huyo alikuwa Hyde.

Jiulize pia dawa ilitengenezwa kwa nini. Jekyll hakuwa akitafuta tiba ya uovu wake. Tangu ujana alikuwa na starehe alizozionea haya, na wakati huo huo alitaka kutembea kichwa juu mbele za watu. Badala ya kuacha kimojawapo, alitafuta njia ya kuvipata vyote viwili. Hyde ni vazi la kutokea usiku.

Ushahidi mzito zaidi ni kile alichokifanya baada ya tukio la msichana. Jekyll aligundua kwamba hundi yenye jina lake ingemfichua. Je, alimwacha Hyde? La. Alifungua akaunti katika benki nyingine kwa jina la Hyde, akaupindisha mwandiko wake kuelekea nyuma ili Hyde awe na sahihi yake. Mtoto alikanyagwa, na funzo alilolipata daktari likawa namna ya kujificha vizuri zaidi. Mtahiniwa anayeitaja hoja hii ameonyesha kwamba ameisoma riwaya yenyewe, hakutosheka na muhtasari.

Vitu vitano vinavyobeba imani ya umma

Njia rahisi ya kuikumbuka mada hii ni kufuata vitu. Kila kimojawapo kinaonyesha heshima ya Jekyll ikifanya kazi kwa niaba ya Hyde.

(a) Mlango na ufunguo. Nyumba ya Jekyll inaelekea uwanja, na mlango wa mbele hufunguliwa na mtumishi. Nyuma kuna ule mlango mchakavu wa jengo lililokuwa la kupasulia maiti. Hyde ana ufunguo wake, na watumishi wameamriwa kumtii. Wapitao hudhani hizo ni nyumba mbili za watu wawili. Ni nyumba moja.

(b) Hundi. Umati uliomkamata Hyde haukumwamini hata kidogo. Ulichokiamini ni sahihi. Jina la Jekyll lilimtoa mkosaji mikononi mwa watu bila polisi kuitwa.

(c) Wosia. Hati ya kisheria inampa Hyde mali yote Jekyll akifa, au akitoweka kwa zaidi ya miezi mitatu. Utterson alikataa kusaidia kuuandika, lakini aliupokea na kuutunza. Sheria yenyewe inamwekea Hyde kinga.

(d) Fimbo. Fimbo iliyomuua Carew ilikuwa zawadi ya Utterson kwa Jekyll miaka mingi nyuma. Zawadi ya urafiki imekuwa silaha ya mauaji. Utterson anaitambua, lakini anawapeleka polisi nyumbani kwa Hyde mtaani Soho bila kulitaja jina la rafiki yake.

(e) Barua. Baada ya mauaji, Jekyll anaonyesha barua inayodaiwa kutoka kwa Hyde. Karani wa Utterson, Guest, analinganisha miandiko na kuona kwamba inafanana, ila mmoja umelazwa upande mwingine. Utterson anadhani rafiki yake ameghushi barua ili kumlinda muuaji. Anafanya nini? Anaifungia barua hiyo kwenye sefu.

Wanaojua na kunyamaza

Riwaya hii ingekuwa ya sura tatu kama watu wangesema. Enfield na Utterson wanapeana mikono kwamba hawatalizungumza tena jambo la mlango. Utterson ana wosia, fimbo, barua na wasiwasi, na vyote anavifungia. Lanyon anashuhudia Hyde akigeuka kuwa Jekyll mbele ya macho yake. Anaandika alichokiona, lakini anaagiza bahasha isifunguliwe hadi Jekyll afe au atoweke. Hakuna kati yao aliye mtu mbaya. Wanafanya hivyo kwa uaminifu, kwa adabu ya kazi zao, na kwa kuogopa kashfa. Hapo pana kinaya kikubwa: sifa njema za marafiki ndizo zinazompa Hyde muda wa kuishi.

Mtazame Enfield hasa. Yeye na wenzake walitishia kumwaibisha Hyde, kisha wakamuuzia ukimya wao kwa pauni 100. Fedha zilienda kwa jamaa ya mtoto, lakini kesi haikufika popote. Mtoto huyo hatumwoni tena, hata jina lake hatulijui. Mtu aliyeachiliwa usiku ule ndiye aliyemuua Carew baadaye. Swali la kujiuliza ni hili: Carew angekuwa hai kama kesi ya msichana haikumalizwa mlangoni?

Jambo hili si geni kwetu. Vijijini mwetu, Kitui na Makueni zikiwemo, umewahi kusikia kwamba mtoto amedhulumiwa, wazee wakaketi, mbuzi au fedha zikatolewa, na mambo "yakaisha nyumbani". Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haiwaachii wazazi wala wazee uamuzi wa kuifunga kesi ya namna hiyo, kwa kuwa kosa la jinai ni kosa dhidi ya Jamhuri. Stevenson hakuijua sheria yetu, lakini sura yake ya kwanza inaonyesha kwa nini inahitajika. Aliyelipa ili jina lake lisitajwe hajaadhibiwa. Amenunua nafasi ya kurudia.

Kinyume cha mabwana hawa ni Poole. Ni mtumishi wa miaka mingi, na ndiye mwenye mengi ya kupoteza akimkosea mwajiri wake. Hata hivyo, sauti iliyo ndani ya chumba ilipoacha kuwa ya bwana wake, alivaa kofia usiku, akaenda kumwita Utterson, na akalishika shoka kwa mkono wake. Swali likikutaka umtaje mhusika anayevunja ukimya, usimsahau Poole.

Ulinganishi wa kwanza: zimwi na kithitu

Ngano za Ukambani zina mhusika anayefanana na Hyde. John Mbiti, mwanafalsafa aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikusanya na kutafsiri ngano hizo katika kitabu chake Akamba Stories cha mwaka 1966. Katika ngano za Wakamba na za majirani zao, zimwi halitokei daima likiwa na sura ya kutisha. Hujigeuza kijana mtanashati, huja ngomani, humvutia msichana, na humwoa. Ukweli hujulikana baadaye, mbali na nyumbani, msichana anapoona kisichotakiwa kuonekana.

Yapo mambo mawili yanayofanana na mawili yanayotofautiana. Kwanza, katika visa vyote viwili hatari imo ndani ya yule anayependwa. Pili, mdogo au mnyonge ndiye anayeumia kwanza. Sasa tofauti. Zimwi ni mgeni kutoka porini aliyevaa sura ya mtu, ilhali Hyde hakutoka popote; ametoka ndani ya mwenyeji mwenye heshima. Tena, ngano huisha kwa jamii nzima kutoka na silaha kulikabili zimwi, na mara nyingine waliomezwa huokolewa. London ya Stevenson haitoki. Kila mtu yuko chumbani mwake na siri yake, na aliyekufa hafufuki. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Riwaya hii inaitilia shaka methali hiyo, kwa kuwa Hyde anamjua Jekyll kuliko mtu yeyote, na anammaliza.

Wakamba walikuwa pia na njia ya kukabili siri isiyo na ushahidi: kiapo cha kithitu. Katika kesi nzito, wahusika waliapa mbele ya wazee na watu. Iliaminika kwamba aliyeapa uongo angepatwa na mauti, yeye na jamaa zake. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo njia bora ya kutoa haki, maana mtu aliyekosa bahati angeweza kudhaniwa kuwa mwongo. Kinachotuhusu ni muundo wake: kiapo kilikuwa cha hadharani, na kilikuwa na gharama. Sasa kilinganishe na kiapo cha Jekyll katika sura ya tano. Baada ya Carew kuuawa, anamwapia Utterson kwa jina la Mungu kwamba hatamwona Hyde tena. Waliopo ni wawili tu, tena ndani ya chumba kilichofungwa. Kiapo cha namna hiyo hakimgharimu mwapaji chochote, na kinavunjika Jekyll anapogeuka tena kuwa Hyde.

Ulinganishi wa pili: Kidagaa Kimemwozea

Katika riwaya hii ya Ken Walibora, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko anabeba jina la sifa, ilhali ardhi anayojivunia ameipata kwa hila na dhuluma. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, anasifiwa kuwa mwandishi hodari, kumbe aliuiba mswada wa Amani. Tazama jinsi wote wawili wanavyotumia imani ya umma: mmoja ana cheo na hati, mwingine ana elimu na jina kwenye jalada. Wala hawahitaji dawa. Hii ni tofauti muhimu. Stevenson aliutoa uovu nje ukaonekana kwa umbo, ndiyo maana kila anayemtazama Hyde huchukia bila kujua sababu. Katika riwaya za kihalisia, kama katika maisha, uovu hauna sura yake. Anayetafuta Hyde kwa kutazama nyuso hatampata.

Ndiyo sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikutegemea nyuso. Sura ya Sita, unayoisoma katika somo la Historia na Serikali, inasema katika Kifungu cha 73 kwamba mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana ya umma. Kifungu cha 75 kinamtaka awe na mwenendo mwema katika maisha ya hadharani na hata ya faragha. Kwa lugha ya riwaya yetu, Katiba inataka kuukagua mlango wa nyuma pia.

Mbinu zinazobeba maudhui

Usimulizi uliogawanyika. Sura nane za kwanza tunamfuata Utterson, kwa hiyo tunajua kile anachokijua yeye tu. Sura ya tisa ni barua ya Lanyon, na ya kumi ni ungamo la Jekyll. Tunakuwa sehemu ya umma unaomwamini daktari kabla ya kuusikia ukweli. Msomaji naye anadanganyika.

Taharuki. Inatokana na bahasha zilizofungwa, milango iliyokomewa na wosia wa ajabu.

Majina. Hyde hutamkwa sawa na neno la Kiingereza lenye maana ya kujificha.

Kinaya. Jekyll ameketi kwenye benchi katika bustani ya Regent's Park, anajilinganisha na watu wengine na kujiona bora kuliko wao kwa wema wake. Wakati huo huo anageuka kuwa Hyde, bila kunywa dawa. Majivuno ndiyo yaliyoufungua mlango.

Mandhari. Ukungu, taa za barabarani na usiku vinaonyesha mji ambao haujitazami wenyewe.

Mbinu hizi hazikuwa za Stevenson peke yake. Katika The Picture of Dorian Gray ya Oscar Wilde, iliyotolewa kama kitabu mwaka 1891, uso wa Dorian unabaki wa kijana huku picha iliyofungiwa chumbani ikizeeka kwa dhambi zake. Katika Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897, zimwi linaingia Uingereza baada ya kununua nyumba kwa hati halali, likihudumiwa na wakili. Angalia jinsi sefu, chumba kilichofungwa na karatasi za wakili zinavyojirudia. Uovu wa enzi ile unatembea na stakabadhi.

Namna ya kujibu swali

Swali: "Imani ya umma ni silaha mikononi mwa Dkt. Jekyll." Thibitisha kauli hii. (alama 20)

Kila hoja iwe na sehemu tatu: taja, toa tukio mahususi, kisha lifungamanishe na swali. Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Hebu linganisha majibu haya mawili.

Jibu hafifu: Jekyll ni mnafiki kwa sababu alimpa Hyde hundi.

Jibu bora: Jekyll anatumia heshima ya jina lake kumwokoa Hyde dhidi ya adhabu. Hyde anapomkanyaga msichana, umati unamlazimisha alipe pauni 100, naye analeta hundi yenye sahihi ya Jekyll, ambayo benki inaikubali. Umati haumwamini Hyde, lakini unaliamini jina hilo. Kwa hiyo mkosaji anaachiliwa bila kushtakiwa, na imani ya umma inakuwa kinga ya uovu.

Usijaze jibu kwa muhtasari wa hadithi. Usiandike "Jekyll ni mwema" bila kueleza ungamo lake. Usihubiri pia: hoja ya maadili bila tukio haina alama.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi vitu vitatu kati ya mlango, hundi, wosia, fimbo na barua vinavyoendeleza maudhui ya nafsi iliyofichwa. (alama 6)
2. "Utterson ni rafiki mwema na shahidi mbaya." Jadili. (alama 10)
3. Linganisha zimwi wa ngano unayoijua kutoka kwenu na Hyde. Toa mambo mawili yanayofanana na mawili yanayotofautiana. (alama 8)
4. Onyesha umuhimu wa Poole katika kujenga ploti. (alama 6)
5. Mchague mhusika mmoja anayeheshimiwa na umma katika kitabu teule unachosoma sasa. Eleza ni kwa nini anaaminiwa, ni nani anayejua siri yake, na ukimya huo unamgharimu nani. (alama 20)
6. Kazi ya makundi: Msichana wa sura ya kwanza hapewi jina wala sauti. Andikeni maelezo yake kuhusu usiku ule, kama ambavyo angeyatoa kwa mtu ambaye angekubali kumsikiliza. Yasomeni darasani, kisha mjadili: ni nani katika kisa hiki angepaswa kuwa mtu huyo?